Mechi 240, Dabi Mbili: Nani Anailipia Ligi Yetu?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ndugu zangu ambao naona mmekuja na jezi kabisa, shikamooni wakubwa, habari za jioni wote.

Nianze na hesabu ndogo. Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara ina timu 16. Kila moja inacheza na wenzake 15, nyumbani na ugenini, kwa hiyo kila timu ina mechi 30, na msimu mzima una mechi 240. Katika hizo, Simba na Yanga wanakutana mara ngapi? Mara 2. Zinabaki 238. Jioni hii nataka tuzungumzie hizo 238.

Muuza mchele akisikia mwenzake wa jirani amefunga duka, wateja wote ni wake. Mpira haukubali hivyo. Yanga hata iwe na kikosi cha namna gani, haiuzi tiketi hata moja kama upande wa pili hakuna mtu. Mchumi wa Marekani, Walter Neale, alilieleza jambo hili mwaka 1964 kwa mfano wa ndondi: bingwa Joe Louis alimhitaji Max Schmeling, kwa sababu bondia asiye na mpinzani wa maana hana pambano la kuuza. Klabu za mpira ni washindani uwanjani, lakini sokoni ni wabia, wapende wasipende. Muundo wa ligi, yaani timu ngapi, nani anapanda, nani anashuka, nani anagawa fedha na kwa kipimo gani, ni mkataba wa ubia huo. Mkataba ukiandikwa vibaya, mbia mmoja anashiba na mwingine anakufa, halafu aliyeshiba anabaki bila wa kucheza naye.

Tangu Mtibwa Sugar wachukue ubingwa 1999 na 2000, ni timu moja tu nje ya Simba na Yanga iliyoweza: Azam FC, msimu wa 2013/14. Basi. Zamani haikuwa hivyo. Tukuyu Stars walichukua 1986, Coastal Union 1988. Wazee wa Tanga na wa Rungwe waliomo humu wanakumbuka.

Kuna mtu ataniuliza: mbona viwanja vinajaa? Vinajaa, ni kweli, lakini tuangalie vinajaa lini. Kuna mhasibu wa klabu moja ya mkoani, sitaitaja, aliwahi kunifungulia daftari lake la msimu. Daftari la kawaida, jalada gumu, limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Upande wa kushoto ameandika matumizi ya kila safari: dizeli ya basi, nyumba ya kulala wageni, chakula cha watu 30, maji, dawa za kuchua misuli, posho. Upande wa kulia, mapato ya mlangoni. Nikafuata kidole chake kikishuka ukurasa. Mechi baada ya mechi, kilichoingia mlangoni hakikutosha hata kulipia maji na ulinzi wa uwanja. Halafu kidole kikasimama kwenye mistari miwili iliyozungushiwa duara. Sikuhitaji kuuliza. Ni siku Simba alipokuja, na siku Yanga alipokuja. Mistari ile miwili ndiyo iliyobeba ukurasa wote.

Sasa fikirini maana yake kiuchumi. Mashabiki wa Simba na Yanga wako nchi nzima. Timu kubwa ikienda Mbeya au Bukoba, nusu ya uwanja au zaidi imevaa rangi za mgeni. Mwenyeji anauza tiketi kwa mashabiki wa mpinzani wake. Ndiyo maana tumeona klabu zikihamisha mechi za nyumbani na kuzipeleka mji mwingine wenye uwanja mkubwa, mradi mgeni ni mmoja wa hao wawili. Watu wanawalaumu kwamba wameuza mechi. Mimi nawaelewa. Ukiwa na siku mbili tu za mavuno kwa mwaka, unapeleka jembe penye rutuba. Lakini gharama yake ni kubwa: mtoto wa mji ule aliyesubiri mwaka mzima kuwaona nyota kwenye uwanja wa kwao hawaoni, na shabiki wa timu ile ya mji hazaliwi.

Mlango peke yake, basi, hauwezi kulisha ligi. Kilichobadilisha hali ni televisheni. Mei 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho letu la soka, mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, thamani yake shilingi bilioni 225.6. Kwa wastani ni kama bilioni 22.5 kwa mwaka. Kwa ukanda wetu ni fedha nyingi, na nasema wazi kwamba mkataba ule uliziokoa klabu nyingi zilizokuwa zinacheza kwa kukopa.

Swali likaja lile lile linalokuja kila penye fedha ya pamoja: inagawanywaje? Mnakumbuka 2013, haki hizo zilipouzwa kwa mara ya kwanza kwa Azam, Yanga waligoma. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba haiwezekani klabu inayotazamwa na mamilioni ipate mgao sawa na klabu isiyo na watazamaji. Hoja hiyo tusiibeze. Hispania waliifuata kwa miaka mingi: kila klabu iliuza haki zake yenyewe. Matokeo yake, Real Madrid na Barcelona zilikuwa zinachukua zaidi ya euro milioni 100 kila moja kwa mwaka, ilhali klabu za mkiani zinaambulia chini ya milioni 20. Klabu zikalimbikiza madeni, nyingine zikaingia mikononi mwa mahakama. Mwaka 2015 serikali ikaingilia kwa sheria: haki zinauzwa kwa pamoja, na nusu ya fedha za daraja la kwanza inagawanywa sawasawa.

Waingereza walianza mapema zaidi. Ligi yao Kuu ilizaliwa 1992 pale klabu za juu zilipojitenga ili zisigawane fedha za televisheni na madaraja ya chini, kwa hiyo asili yake ni ubinafsi, tusiifiche. Lakini walipokaa wenyewe ndani, waliandika kanuni ya busara. Fedha za matangazo ya nyumbani: asilimia 50 sawa kwa wote, 25 kwa nafasi kwenye msimamo, 25 kwa idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Mkubwa analipwa kwa ukubwa wake, mdogo anapata cha kusajilia mchezaji anayeweza kumfunga mkubwa. Hiyo nafasi ya mdogo kumfunga mkubwa ndiyo wanayotuuzia sisi huku kila Jumamosi kwenye vibanda umiza.

Marekani wamekwenda mbali kuliko wote. Ligi yao, MLS, ilianza kucheza 1996 ikiwa kampuni moja. Mchezaji anasaini mkataba na ligi, mishahara ina ukomo, na hakuna kushuka daraja. Wachezaji walikwenda mahakamani kupinga, wakashindwa 2002. Mwenye fedha ananunua kiti cha kudumu, na bei ya kiti imepanda kutoka dola milioni 10 walizolipa Toronto walioanza 2007 hadi milioni 500 walizolipa San Diego. Ni salama kwa mwekezaji. Kwetu sikubaliani nao. Mji mdogo kama Ruangwa kule Lindi usingewahi kuiona Simba ikiteremka kwenye basi pale kama ngazi ya kupanda ingekuwa imeondolewa.

Ila ngazi hiyo ina mahali inapovunja watu miguu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwetu timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na ya 13 na ya 14 zinaingia kwenye mchujo. Timu 4 kati ya 16 zinamaliza msimu roho mkononi. Ukishuka, fedha ya Ligi Kuu inakatika, lakini mikataba ya wachezaji haishuki na wewe. Kiongozi anayeijua hatari hiyo, dirisha dogo la Januari linamkuta akisajili kwa mkopo, akiahidi mishahara ambayo haipo. Anacheza kamari kwa sababu kushuka kunamuumiza kuliko deni. Halafu tunashangaa wachezaji kugoma mazoezi. Na timu yenye njaa ya namna hiyo, mwenye nia mbaya akija na bahasha mwezi wa mwisho wa ligi, nani wa kumkatalia? Uingereza, klabu iliyoshuka hupewa sehemu ya fedha ile ya mgao sawa kwa hadi miaka 3: asilimia 55, kisha 45, kisha 20. Nao wanalalamikiana kwamba inawapendelea waliotoka juu, na kweli inawapendelea. Lakini mwaka mmoja tu wa fidia ndogo kwetu ungezuia usajili mwingi wa kukata tamaa.

Jambo jingine tunalolisahau ni kwamba klabu zetu hazifanani hata kwa nia. Wapo wenye wanachama, Simba na Yanga na Coastal. Zipo za majeshi, kama Prisons, JKT na Mashujaa. Zipo za viwanda vya sukari. Zipo za halmashauri, kama KMC na Mbeya City. Azam ni ya familia ya wafanyabiashara. Mchezaji wa timu ya jeshi anaweza kuwa askari mwenye ajira, mshahara wake hautegemei goli wala tiketi. Halmashauri ina bajeti inayopitishwa na madiwani, ambao wana zahanati na madawati ya kununua. Ukiweka kanuni moja ya fedha kwa hawa wote, wengine wanaipita kirahisi na wengine inawaua.

Nimtendee haki mkubwa pia. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa inalipa dola 900,000. Hiyo ni zaidi ya mara 4 ya zawadi ya bingwa wa nyumbani, shilingi milioni 500, iliyotangazwa kwenye mkataba wa 2021. Simba na Yanga walifika hatua hiyo wote wawili msimu wa 2023/24. Fedha hiyo inapanua pengo. Lakini pointi walizokusanya kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ndizo zilizotupa nafasi 4 za kimataifa, na ndiyo sababu Coastal Union, kwa kushika nafasi ya nne, walicheza Kombe la Shirikisho 2024/25. Tanga ilirudi Afrika kwa jasho la watu wa Kariakoo, kwao Simba na Yanga. Ubia una pande mbili.

Na Machi 2025 tuliona mizani ikilalia upande mmoja. Dabi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 ikaahirishwa siku yenyewe ya mechi, watu wameshasafiri na mabasi yao, na ikachezwa Juni 25, ikiwa ndiyo ya kuamua bingwa. Kwa miezi mitatu na zaidi mechi 1 kati ya 240 iliishika ligi nzima. Mdhamini, mwenye televisheni, timu 14 nyingine, wote wakingoja.

Ninachopendekeza ni hiki. Nusu ya fedha za televisheni igawanywe sawa, robo kwa msimamo, na robo kwa watazamaji waliopimwa kweli, ili Simba na Yanga wapate haki yao bila kugoma. Kabla ya mgao wowote, itengwe nauli. Timu ya Bukoba au Kigoma inatembea zaidi ya kilomita 1,000 kuja Dar es Salaam kwa basi, inashuka usiku, inacheza kesho yake, halafu tunasema ni dhaifu. Aliyeshuka apewe fidia ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti za wachezaji.

Yule mhasibu nilipomweleza mpango huu alichukua kalamu yake nyekundu, akarudi kwenye safu ya dizeli, akaanza kujumlisha. Alijumlisha muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba kwa nauli peke yake, angeweza kulipa kikosi cha vijana mishahara ya msimu mzima.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na dada wa pale nyuma.