Kamera Inapopanda: Mhadhara Kuhusu Uhakiki wa Filamu, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu, na vijana mliojitokeza jioni hii licha ya joto la ukumbi huu, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhakiki filamu za zamani na za sasa kutoka pande mbalimbali za dunia. Nitaanzia mahali nilipojifunza kuangalia picha, yaani katika kibanda umiza kimoja cha Ujiji, ambako tuliketi tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, na msimulizi akitutafsiria kwa Kiswahili kila kilichosemwa na hata ambacho hakikusemwa. Yule bwana alikuwa mhakiki wetu wa kwanza, nalisema hili bila mzaha, kwa kuwa hakuficha maoni yake: stelingi akifanya ujinga, alimkemea papo hapo. Hata hivyo alituachia ila moja. Aliogopa ukimya. Waigizaji waliponyamaza, yeye aliliziba pengo kwa vichekesho, nasi tukakua tukiamini kwamba filamu ni kisa chake tu, na kwamba aliyekwisha kusimuliwa kisa amekwisha kuiona filamu.

Tahakiki nyingi ninazozisoma zimeirithi ila hiyo. Mwandishi anatumia aya nne kueleza nani alimwoa nani na nani alimsaliti nani, kisha anamalizia kwa kusema kwamba waigizaji wameuvaa uhusika vizuri. Huo ni muhtasari uliogongwa muhuri.

Chukueni filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Kisa chake atakielewa mara moja mtu yeyote wa Kasulu anayepakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli: baba mmoja mjini Roma, baada ya Vita Kuu ya Pili, amepata kazi ya kubandika matangazo, kazi hiyo haifanyiki bila baiskeli, na baiskeli inaibwa siku ile ile ya kwanza. Lakini kabla ya wizi huo liko onyesho moja dogo. Baiskeli ilikuwa imewekwa rehani, na mke wa yule bwana anayavua mashuka ya kitanda ili yawekwe rehani badala yake. Karani anayapokea, anayabeba hadi kwenye rafu, anaanza kupanda, na kamera inapanda pamoja naye. Juu ya rafu ya kwanza ipo ya pili, juu ya pili ipo nyingine, na zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayetamka lolote kuhusu umaskini wa mji huo, lakini sisi tumekwisha kuhesabu nyumba zinazolala bila shuka. Msimulizi wetu wa Ujiji angelifunika onyesho hilo kwa utani, na mwandishi wa muhtasari angeliruka kabisa, kwa sababu kwa kipimo cha kisa hakuna kilichotokea.

Sasa nije kwenye filamu inayotuhusu sisi watu wa ziwani, The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester. Meli ya Wajerumani iliyomo humo, Louisa, inafahamika kuwa ilichochewa na meli tunayoijua kwa jina la Liemba, ambayo iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli, na kuungwa upya hapa hapa Kigoma. Kila filamu hii inapotajwa mjini kwetu, huwa hakosekani mtu wa kusimama na kusema, kwa haki kabisa, kwamba meli haikulipuliwa na boti la wapenzi wawili, bali Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo grisi, kwamba Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kwamba ilirudi kazini mwaka 1927. Ni kweli, na ni vizuri vijana wayajue hayo. Lakini kusahihisha historia ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika uhakiki, na mimi mwenyewe nimewahi kujificha humo nilipokosa la kusema kuhusu filamu yenyewe.

La kusema lipo. Boti limekwama kwenye matete, na Charlie, nahodha wa boti hilo, anayeigizwa na Humphrey Bogart, anashuka majini kulivuta kwa kamba. Anapanda tena mwili umegandwa na ruba, anatetemeka kwa kinyaa, ruba wananyunyiziwa chumvi. Kisha anayatazama maji na kuelewa kwamba hana budi kurudi humo humo. Bogart alipata Oscar kwa filamu hii, na uso wake katika dakika hiyo unatosha kueleza sababu. Baadaye, yeye na mpenzi wake wakiwa wamekata tamaa, kamera inapanda juu ya matete na kutuonyesha kwamba ziwa liko hatua chache mbele yao, nao hawajui. Kwa De Sica, kamera ilipopanda ilituongezea mzigo. Kwa Huston inatupa siri ambayo wahusika wamenyimwa. Katika Parasite, filamu ya Korea Kusini ya Bong Joon-ho ya mwaka 2019, familia maskini inashuka ngazi baada ya ngazi chini ya mvua, na maji yale yale yaliyoteremka kutoka mtaa wa matajiri yanaikuta nyumbani kwake.

Filamu hiyo ya Huston inaanzia kanisani, katika kijiji cha Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wamisionari wawili wanaimba maneno ya wimbo, nasi tunayasikia. Waumini Waafrika wamepewa kelele tu. Kisha Charlie anatupa kipande cha sigara, na vijana wanakigombania. Jambo hili linanikera kuliko kosa lolote kuhusu meli, na kulitambua hakuhitaji kitabu cha historia, kunahitaji masikio.

Naomba basi taa za nyuma zizimwe. Tutaziangalia dakika hizo za mwanzo mara mbili: mara ya kwanza kama kawaida, na mara ya pili mkiwa mmefumba macho, mkisikiliza tu jinsi waumini wale walivyoimbishwa kabla honi ya boti haijalia.