Alizeti ya Kongwa Imeishia Wapi?
Mhadhara kuhusu michoro ya mtiririko, Dodoma

Ndugu maafisa ugani, maafisa mipango na wenzetu wa vyama vya ushirika, karibuni tena baada ya chai.

Mchoro wa mtiririko ni mikanda inayotoka kundi moja kwenda jingine, na upana wa mkanda ndio kiasi. Unaitwa kwa jina la Kapteni Matthew Sankey, aliyeutumia mwaka 1898 kueleza nishati ya injini ya mvuke. Hata joto lililopotea alilichorea mkanda wake. Hapo ndipo penye kanuni: kinachoingia kwenye kituo, yaani kundi moja kwenye mchoro, na kinachotoka lazima vilingane. Zikiingia tani 700 zikatoka 640, usilazimishe hesabu. Chora mkanda wa tani 60, uandike "haijulikani", kisha rudi stoo ukaulize.

Jedwali lina safu tatu: inakotoka, inakokwenda, kiasi. Tuchukue mfano wa kubuni, tani 1,000 za alizeti. Wilaya ya Kongwa imeuza tani 450 kwa madalali na 50 kwa ushirika. Chamwino 150 na 150. Bahi 100 na 100. Kwa hiyo madalali wana 700, ushirika 300. Madalali wakapeleka 350 viwandani hapa Dodoma na 350 nje ya mkoa. Ushirika ukapeleka 250 viwandani na 50 nje. Kwenye SankeyMATIC, programu ya bure ya kuchora michoro hii mtandaoni, kila mkanda ni mstari mmoja tu: Kongwa [450] Madalali. Mistari kumi na mchoro umekamilika.

Sasa mkurugenzi anauliza: alizeti ya Kongwa iliyokwenda nje ya mkoa ni kiasi gani? Jicho linafuata mkanda mnene wa Kongwa, linapita kwa madalali, linaona nusu inakwenda nje, na mtu anajibu tani 225. Jibu hilo halimo kwenye mchoro. Tani zikishaingia kwa dalali zimechanganyika. Viwanda vilichukua 350 tu kutoka kwa madalali, kwa hiyo katika zile 450 za Kongwa, zisizopungua 100 zilikwenda nje. Kwa upande wa juu, huenda zote 350 za madalali zilikuwa za Kongwa, pamoja na 50 za ushirika. Jibu la kweli ni kati ya tani 100 na 400. Naomba tusimame hapa kidogo, maana pengo la tani 300 si dogo kwa anayepanga kujenga ghala.

Dawa yake ni kuandika wilaya, mnunuzi na mwisho wa mzigo katika mstari mmoja, mzigo ukiwa bado kwenye mizani. Ukikusanya jedwali la mauzo peke yake na la usafirishaji peke yake, hakuna programu itakayoviunganisha baadaye. Ukiwa na mstari kamili, ipe kila wilaya rangi yake na uigawe mikanda kwa rangi hiyo mpaka mwisho. Hapo macho yakifuata, yanafuata ukweli.

Mengine ni usafi wa data. "Kongwa" na "Kongwa" yenye nafasi tupu mwishoni ni vituo viwili kwa kompyuta. Gunia si kipimo, maana lumbesa na gunia la kawaida vitaonekana sawa. Badilisha kila kitu kuwa kilo kwanza. Mikanda myembamba kama uzi iunganishe, uiite "wengine". Panga vituo upya mpaka mikanda ipishane kidogo iwezekanavyo. Na andika kipimo: Charles Minard, katika mchoro wake wa 1869 wa jeshi la Napoleon kwenda Moscow, alieleza kuwa milimita 1 ni watu 10,000, na hadi leo anayetaka kuhakiki anaweza kushika rula.

Fungueni majedwali yenu. Tunaanza na safu ya majina ya wilaya.