Fomu yangu ilimkatalia mama wa vitenge, na mama alikuwa sahihi

Haya wadau tuanze tu, waliokwama kwenye foleni watatukuta njiani.

Wangapi hapa mnakaa Sinza? Ukimwambia boda "niletee Sinza kwa Remmy, ingia kichochoro cha pili, geti la bluu", si anafika? Haulizi namba ya nyumba. Na namba tunazo, 2022 ilipita operesheni ya anwani za makazi tukawekewa vibao, ila boda bado atakupigia, "bosi, ni karibu na nini?" Mwanamuziki Remmy Ongala mwenyewe alifariki 2010 na kituo bado ni kwa Remmy. Linki imeendelea kufunguka, mwenye nyumba hayupo.

Sasa kwenye kodi yako, na nasema kodi ya programu siyo ile ya TRA, mtu akikupa anwani ya tovuti unamkazia kama karani au unamsikiliza kama boda? Mi nimewahi kukosea pande zote mbili kwenye kazi moja, kwahiyo leo sifundishi, nakiri.

Kazi yenyewe ilikuwa fomu ya kusajili maduka ya Kariakoo. Jina la duka, simu, na kiboksi cha tovuti kwa wenye tovuti. Kuhakiki anwani nikafanya kama tunavyofanya wote, nikakopi rejeksi mtandaoni, yaani mstari wa alama unaoeleza maandishi yawe na umbo gani, ndefu kama treni ya mizigo, sikuielewa nusu yake ila ilipita majaribio yangu matatu. Ilitaka http mwanzoni, ilitaka herufi ndogo tupu, na mwisho, baada ya nukta ya mwisho, ilitaka herufi mbili mpaka nne. Hiyo mbili mpaka nne peke yake ni aibu, maana .museum ipo tangu miaka ya mwanzo ya 2000 na .africa tunayo tangu 2017, zote ningezifukuza mlangoni.

Basi mama mmoja wa vitenge mtaa wa Kongo akanipigia. "Mwanangu, hii 'yuarieli si sahihi' ndo nini? Mbona nikiandika kule juu kwenye gugo inafunguka?" Nikaingia kwenye logi, kumbukumbu za fomu, kuangalia alichoandika (yuarieli ni URL, yaani anwani ya tovuti). Alikuwa amejaribu mara sita. Ya kwanza ilikuwa hivi: "Www.jinaladuka.co.tz" halafu nafasi mwishoni. Hiyo W kubwa siyo yake, ni kibodi ya simu inaanza sentensi. Nafasi pia ni ya kibodi, ukichagua neno inalolipendekeza inakubandikia nafasi. Ya nne alikopi kutoka WhatsApp na tangazo lote, "karibuni dukani kwetu" na nukta ya kufunga sentensi imeganda kwenye linki. Ya sita aliandika namba ya simu, nadhani kwa hasira.

Na hoja yake ilikuwa nzito kuliko rejeksi yangu, yaani brauza imeelewa, wewe unakataa kama nani?

Tuingie kidogo kwenye sheria zenyewe. Sarufi rasmi ya anwani iko kwenye RFC 3986, moja ya nyaraka za kanuni za intaneti, ya Januari 2005, mmoja wa walioiandika ni Tim Berners-Lee mwenyewe, aliyebuni wavuti, na hiyo ni kali, herufi fulani zinaruhusiwa nyingine hapana, basi. Halafu kuna waraka wa WHATWG, kundi linaloandika kanuni za wavuti, wanaoufuata watu wa mabrauza, huo haukuambii tu anwani sahihi ikoje, unakuambia hatua kwa hatua ufanye nini ukikutana na anwani mbovu. Nafasi pembeni, kata. Tabo katikati, toa. Bekislashi, ile slashi inayoinamia kushoto, kwenye http ihesabu kama slashi ya kawaida. Makosa mengi yanaitwa makosa kweli lakini safari inaendelea, kama konda anayekwambia "chenji sina" na gari limeshaondoka.

Ulegevu huu una ukoo. Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliandika mwaka 1980 kwenye waraka wa itifaki ya IP kwamba uwe makini na unachotuma na mpole kwa unachopokea. Intaneti ilikua kwa upole huo. Ila ukipokea takataka leo, kesho aliyetuma haoni sababu ya kurekebisha, na wote wanaokuja baadaye wanalazimika kuzielewa takataka zile zile, ndo maana RFC 9413 ya 2023 imekuja kusema ule upole una gharama zake.

Mi baada ya simu ya mama nikageuka boda mazima. Nikafuta rejeksi, nikaruhusu karibu kila kitu. Na hapo ndo nikaliwa.

Maana tulikuwa tumeongeza kitu kizuri, ukiweka tovuti yako seva yetu inaenda kuisoma, inaleta kichwa cha ukurasa na picha ili profaili ipendeze. Nilikuwa najua hatari ya mtu kuituma seva ijitembelee yenyewe, kwahiyo nilizuia neno localhost na 127.0.0.1, jina na namba ambavyo mashine hujiita yenyewe. Jamaa yangu mmoja nikamwambia hebu jaribu kuivunja, akaandika http://2130706433/ na akaendelea kunywa chai. Profaili ya duka lake la uongo ikatokea na kichwa cha habari cha ukurasa wetu wa ndani wa admini.

Ile namba ni nini? Chukua 127 zidisha kwa 16,777,216 ongeza 1. Ni 127.0.0.1 ile ile imeandikwa kama namba moja, na utaratibu wa mabrauza unaikubali kabisa. 0x7f.1 nayo ni hiyo hiyo. Mi nimezuia jina, mgeni kaja na a.k.a. Na kwa wenye seva za kwenye klaudi mbaya zaidi ni 169.254.169.254, kwa watoa huduma wakubwa ndo anwani ambayo mashine inajiuliza habari zake, na humo funguo za siri zinaweza kupatikana.

Hapa nataka tukae kidogo maana wengi tunabishana kukaza na kulegeza kama vile ni Simba na Yanga. Mi naona swali ni nani anaisoma hiyo anwani baada yako, na je anaisoma kama ulivyoisoma wewe? Angalieni hii:

https://mwizi.example\@jinaladuka.co.tz

Kichanganuzi, yaani kodi inayoivunja anwani vipande vipande, kinachofuata sarufi ya zamani kijuujuu kinasema kilicho kabla ya @ ni jina la mtumiaji, seva ni jinaladuka.co.tz, salama, pita. Brauza inasema bekislashi ni slashi, kwahiyo seva imeishia pale, seva ni mwizi.example. Hakuna mlegevu peke yake hapo wala mkali peke yake, kuna wawili wanasoma barua moja na kila mmoja anapeleka nyumba yake. Ukihakiki kwa kimoja na ukafungua kwa kingine umejenga ukuta na mlango uko upande wa pili.

Na msidhani laibrari, kodi iliyoandikwa tayari na wengine, itawaokoa bila nyie kuuliza inahakiki nini. Kwenye lugha ya PHP, kikaguzi chake filter_var kinaweza kuipitisha anwani inayoanza na javascript:// ikiwa imepangwa vizuri, na ukiiweka kwenye linki mtu akabonyeza, kodi inakimbia. Kwenye Python, kichanganuzi cha urlparse hakihakiki kitu, kipe neno "habari" kinakujibu vizuri tu kwamba habari ni njia, yaani ile sehemu inayofuata jina la seva. JavaScript nayo, new URL inamkatalia mama "www.jinaladuka.co.tz" kwasababu haina https, lakini andika jinaladuka.co.tz:8080 inakubali, inadhani jinaladuka.co.tz ni itifaki, ndugu yake http! Kila nikiikumbuka nacheka.

Kaka pale nyuma anauliza kwanini tusitembelee tu hiyo anwani, ikijibu ndo sahihi. Swali zuri, nilifanya. Kwanza ndo ule mlango wa 2130706433. Pili tovuti inaweza kuwa chini leo kwasababu mtu hajalipa hosting, je anwani yake imekuwa si sahihi? Kuitembelea kunajibu ipo au haipo saa hii, hakujibu imeandikwaje.

Sasa hivi iko hivi. Kiboksi nimezima herufi kubwa za kibodi. Nakata nafasi pembeni, nukta ya mwisho naitoa, kama hakuna https naongeza. Huo ndo uboda wangu, unaishia hapo. Kisha kichanganuzi kimoja tu kinaisoma, http na https basi, yenye @ kabla ya jina la seva nakataa, na kinachohifadhiwa ni kile kilichotolewa na kichanganuzi, siyo alichoandika mtu. Seva ikienda kuvuta picha, inaangalia namba ya IP iliyopatikana, inakwenda kwa namba hiyo hiyo, na ikielekezwa kwingine inaangalia upya, maana tovuti safi inaweza kukutuma 127.0.0.1 kwa hatua ya pili. Na mtumiaji simwambii URL si sahihi. Namwonyesha "tumeelewa hivi, bonyeza uone kama ni yako".

Mama alibonyeza. Likatoka onyo jekundu la cheti cha usalama, kumbe kijana aliyemtengenezea tovuti hakuwahi kuweka https, ile http yenye ulinzi, na mi nimemwongezea kwa nguvu. Akanipigia tena. "Mwanangu, sasa umeiharibu na yenyewe?" Hapo nilikuwa bado sijaandika ile sehemu ya kumrudisha kwenye http, nikaiandika usiku ule ule.

Maiki iko kwa dada mwenye kilemba, nani ana swali?