Kuhamisha pampu ya mafuta ya Datsun 240Z kutoka kwenye injini kwenda nyuma karibu na tenki

Mambo vipi wadau, karibuni tena gereji hapa Mbeya, na nyie wa Iringa kamwene. Leo tuna kazi ambayo mi naipenda sana, iko mbele yenu Datsun 240Z, injini L24, silinda sita mstari mmoja, kabureta mbili. Wazee wanaikumbuka vizuri hii, ndo iliyochukua mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na ikachukua tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kwahiyo ukiona mtu kaitunza mpaka leo mpe heshima yake, na sisi mafundi tuishike kwa adabu.

Shida ya mzee mwenye gari ni hii, akitoka kule bondeni Ruaha Mbuyuni kwenye joto akianza kupanda mlima Kitonga taratibu nyuma ya malori, gari inaanza kumisi, inakosa nguvu, inazima. Akikaa pembeni ikapoa inawaka vizuri kabisa. Ukiletewa dalili kama hiyo usikimbilie plagi na koili, uliza kwanza mafuta yanafikaje mbele. Na kabla hujamnunulisha mtu pampu, mwambie siku ikizima afungue mfuniko wa tenki, akisikia linavuta hewa kwa nguvu alafu gari ikawaka, basi kipumulio cha tenki kimeziba na hii kazi yote haina haja. Hapa tumeshaangalia, kipumulio kizima.

Sogea na kamera hapa. Pampu yake ya asili ni hii, kulia kwa mbele kwenye silinda hedi, inaendeshwa na kamshafti. Sio pampu mbaya, ila imekaa kwenye injini ya moto na inatakiwa ivute petroli toka tenki lililoko nyuma kabisa, ni sawa na kunywa soda kwa mrija wa mita kadhaa. Ukivuta hivyo presha ndani ya paipu inashuka, petroli ikikutana na joto inageuka mvuke, na pampu hii ikishameza mvuke haisukumi kitu. Alafu sisi wa huku juu ndo tunaumia zaidi, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na petroli nayo inawahi vilevile. Dawa yake ni pampu ya umeme huku nyuma, isukume. Mafuta yanayosukumwa yana presha njia nzima kwahiyo hayageuki mvuke kirahisi.

Sasa pampu gani. Hapa naomba tusikilizane sana, kabureta hizi zinataka presha ya psi 3 mpaka 4 basi. Nenda dukani sema nataka pampu ya umeme ya gari ya kabureta, na usome ilivyoandikwa kwenye boksi. Usikubali mtu akuuzie pampu ya IST au gari yoyote ya EFI, yaani isiyo na kabureta, inayopuliza mafuta kwa nozeli, eti zote ni pampu, ile inatoa zaidi ya psi 40, itasukuma sindano za kabureta petroli imwagike juu ya eksozi, maana kwenye injini hii kabureta na eksozi viko upande mmoja. Hapo gari inaungua na mzee anabaki na picha tu.

Haya tuanze. Injini iwe imepoa kabisa, toa negativu ya betri, fungua mfuniko wa tenki hewa itoke. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, na jirani anayechomelea mwambie apumzike mpaka umalize, akikasirika akasirike. Nyanyua nyuma kwa jeki alafu weka stendi za chuma, tofali hapana, tofali linapasuka bila taarifa na we uko chini. Tenki lina nati ya kumwagia hapa chini, weka ndoo ya chuma, mwaga.

Chagua sehemu ya kufunga. Mi nimechagua hapa kwenye bodi mbele ya tenki, kama futi moja toka mafuta yanapotokea, eksozi iko mbali na jiwe la tairi halifiki. Pampu iwe sawa na kitako cha tenki au chini yake, usiipandishe juu maana hizi za umeme kusukuma zinajua, kuvuta ni wavivu. Kabla hujatoboa ingiza kichwa uangalie upande wa pili kuna nini. Funga na zile raba zake, ukifunga chuma kwa chuma utasikia tiktiktik mpaka kwenye siti. Na ione hii, nimeilaza nusu, mdomo wa kutolea umeangalia juu ili hewa isibaki ndani.

Filta inakaa kabla ya pampu, kati yake na tenki, tenki la miaka hamsini halikosi kutu. Mipira tumia ile iliyoandikwa ni ya mafuta, paipu kubwa ni milimita 8. Ule wa plastiki wa bodaboda unaoonyesha petroli usiuweke kabisa, unakauka unapasuka. Paipu ndogo ya kurudisha mafuta tenkini iache ilivyo, inasaidia mafuta ya mbele yasikae yakapikika.

Mbele sasa. Toa pampu ya zamani, nati mbili tu. Tundu lake tunaliziba na kibati cha alumini nilichokata, gasketi ya karatasi na silikoni kidogo, la sivyo oili itaruka boneti nzima. Ndani mnaiona ile chuma iliyokuwa inaisukuma pampu, iacheni hapohapo, boliti inayoishika ndo hiyohiyo inashika gia ya kamshafti. Mpira uliokuwa unaingia kwenye pampu unganisha moja kwa moja kwenda kabureta, upite mbali na rejeta. Pampu ya zamani mfungie vizuri mwenye gari aiweke, ni ya asili hiyo.

Umeme. Rilei ya pini nne, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ipitishe mkubwa, namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 10 na hiyo fyuzi ikae karibu na betri, 87 inaenda kwenye pampu, 85 inafungwa kwenye bodi ndo negativu, 86 inatoka kwenye swichi ya funguo. Lakini kwenye huo waya wa 86 lazima pawe na swichi ya ajali, inayokata umeme gari ikigonga, hii hapa ina kitufe juu, Ford nyingi zinakuja nayo, kwenye spea za mtumba ulizia. Pampu ya zamani injini ikizima nayo imezima, ya umeme haijui kama gari imepinduka, funguo ikiwa on inaendelea kumwaga petroli tu na watu wako ndani. Barabara zetu mnazijua, Iwambi mnaijua, Kitonga mnaijua. Mi gari bila hii swichi sikukabidhi funguo, utanilipa au hutanilipa.

Rudisha petroli, rudisha betri, washa funguo bila kupiga stata. Pampu inagonga haraka alafu inapunguza kabureta zikijaa. Pita na tochi kila klipu, futa na kitambaa kikavu, ukiona hata unyevu zima. Alafu igonge swichi ya ajali kwa mkono mpaka iruke, pampu inatakiwa inyamaze hapohapo, bonyeza kitufe inarudi.

Barabarani tumeipeleka njia ya Chunya, kule juu Kawetire, saa nane mchana gia ya pili muda mrefu makusudi, tukaizima ikiwa moto, tukasubiri kidogo, ikawaka mara moja. Wiki ya kwanza tembea na bisibisi, mpira mpya unalegea ukishapata joto, kaza klipu zote tena, uanze na hizi mbili za kwenye pampu.