Nimeweka Lupu, Mbona Damu Haikati?

TATU: Haya wapendwa karibuni tena, niko na sista wetu wa kliniki ya uzazi wa mpango kama kawaida, ila leo naongelea yangu mwenyewe. Nina wiki tano tangu niweke lupu ile ya kopa, kile kidude cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya kizazi, na siku zangu zilivyokuja safari hii sista, pedi nabadilisha muda wote, tumbo la chini linakata, mama mkwe kasikia akasema kaitoe hiyo itakupanda mpaka kwenye moyo.

SISTA: Pole mdogo wangu. Kwenye moyo haifiki. Kutoboa kizazi kunatokea, lakini ni kama mmoja au wawili kwenye wanawake 1,000, na mara nyingi ni pale pale wakati wa kuweka. Hiyo damu nyingi kwa kopa ndio zake, miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo halafu inatulia, ibuprofen siku zile za hedhi inasaidia maumivu na damu pia, kama huna vidonda vya tumbo. Ila pedi ikijaa kila saa au unasikia kizunguzungu, hapo usisubiri mtu.

TATU: Na ule uzi wa lupu unaotokeza ukeni? Maana mzee wangu analalamika kuna kitu kinamchoma, mi mwenyewe naogopa hata kugusa.

SISTA: Uzi unalainika wenyewe, ukiendelea kumsumbua tunaupunguza, dakika mbili tu. Kuuangalia ni hivi, baada ya hedhi nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole mpaka uguse mlango wa kizazi, ni mgumu kama ncha ya pua, uzi uko hapo. Usiuvute! Usipousikia, au umekuwa mrefu kuliko mwanzo, au unagusa plastiki ya lupu yenyewe, tumia kondomu uje tuangalie. Lupu inaweza kutoka na damu mtu asijue, hasa miezi 3 ya kwanza, wengine wanakuja kugundua wana mimba tayari.

TATU: Ee Mungu wangu.

SISTA: Ndio maana tunawaandikia tarehe ya kurudi, wiki 3 mpaka 6. Wewe ulirudi?

TATU: Sikurudi sista, nikawaza foleni.

SISTA: Tatu jamani! Na usikie hili, homa, uchafu unaonuka, maumivu makali, au hedhi imepitiliza, siku hiyo hiyo unakuja. Mimba ikiingia na lupu ipo inaweza kuwa nje ya kizazi na hiyo inaua. Halafu ukichoka nayo kutolewa ni haki yako, hata kama ina miaka 10 mbele, wala huna haja ya kumuomba mtu msamaha, ila isiwe kwa sababu ya hayo maneno ya kupanda kwenye moyo.

TATU: Basi kesho nakuja na kadi yangu.

SISTA: Njoo kabla ya saa mbili, foleni inakuwa fupi. Na mama mkwe mlete, nitamwonyesha kwenye ile picha ya ukutani inakaa wapi.