Wale 831 wako wapi?

Mwenyekiti, asante. Ndugu wanahabari, wauguzi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele.

Nimeulizwa kama Korona iliua zaidi ya magonjwa mengine pale ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Nitajibu, lakini kwanza tumalizane na namba moja: 88. Walionisikia siku nyingine wanivumilie.

Aprili 2020, JAMA, jarida la tiba la Marekani, lilitoa taarifa ya wagonjwa 5,700 wa Korona waliolazwa New York na maeneo jirani. Waliowekewa mashine ya kupumulia walikuwa 1,151. Habari ikaenea dunia nzima: ukiwekewa mashine, uwezekano wa kufa ni asilimia 88. Ikatufikia na sisi. Ndugu wa mgonjwa wanakushika mkono wodini: "Sista, msimwekee ile mashine, mtamuua."

Chukueni kalamu. Waliokufa, 282. Walioruhusiwa wakiwa hai, 38. Jumla 320. Gawanya 282 kwa 320, hiyo ndiyo 88 yenu. Sasa niambieni, wale 831 waliobaki wako wapi? Walikuwa bado wamelazwa siku takwimu zinafungwa! Darasa la tano tulifundishwa kuwa sehemu ina kiasi juu na asili chini. Hapa asili ilikatwa. Ukiwarudisha wote, waliokufa hadi siku ile ni asilimia 24.5. Na hiyo pia siyo jibu, maana kati ya wale 831 wapo waliofariki baadaye. Jibu lilitaka kusubiriwa.

Tena kosa hili huegemea upande mmoja. Wengi wanaofariki hufariki mapema, anayepona anachukua wiki na wiki. Daftari letu la wodi lilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "matokeo". Kitanda cha tatu alilala mama mmoja, na safu yake ilibaki tupu siku 26. Kila asubuhi mwanawe anasimama nje ya dirisha ananiuliza, "Mama vipi?" Namwambia, "Bado." Siku ya 27 mama aliondoka ICU, ameshikwa kwapani na wauguzi wawili, anaburuza ndara. Tungefunga hesabu siku moja kabla, asingehesabiwa kabisa miongoni mwa waliopona.

Najua kuna mtu anasema moyoni: kumbe ilitiwa chumvi! Hapana, ndugu yangu, usinisingizie. Uingereza wana ICNARC, inayokusanya taarifa za ICU zao. Waliposubiri, wimbi la kwanza waliofariki ICU walikuwa karibu wanne kati ya kumi. Wagonjwa wa nimonia ya virusi vingine, 2017 hadi 2019, walikuwa kama wawili kati ya kumi. Kwa hiyo ndiyo, Korona iliua zaidi, tena sana. Lakini angalieni wamelinganisha na nani: nimonia kwa nimonia. Ukiweka upande wa pili mtu aliyelala ICU usiku mmoja baada ya operesheni aliyopangiwa, umelinganisha nini?

Sasa Afrika, maana ndiko kunakoniuma. Utafiti uliotoka kwenye jarida la tiba la Lancet Mei 2021, hospitali 64, nchi kumi, Kenya ikiwemo: kati ya wagonjwa wa Korona waliolazwa ICU, asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia 31.5. Sababu mnazijua: mashine za kusafisha damu haba, hata kumlaza mgonjwa kifudifudi, jambo linalotaka mikono tu, halikufanyika vya kutosha. Mikono yenyewe ilikuwa wapi? Muuguzi mmoja vitanda vingapi?

Lakini rudini kwenye asili. Walioombewa nafasi ICU walikuwa 6,779. Waliopokelewa, 3,752. Ile 48.2 inahesabu walioingia mlangoni tu.

Nilitaka kusema juu ya deksamethasoni, dawa ya bei ndogo iliyopunguza vifo vya waliokuwa mashineni kwa karibu theluthi, lakini naona mwenyekiti anaonyesha saa. Basi niwaachie wanahabari kazi: wale 3,027 waliobaki nje, tafuteni madaftari yao. Hawakufia ICU, hawakupona ICU. Wameandikwa wapi?