Tazama Darini Kabla ya Kuulizia Bei ya Jiko
Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi bomba, Njombe, mwishoni mwa mwezi Mei

Kamwene! Asanteni sana. Nawashukuru kwa kuja, hasa akina mama mlioacha viazi shambani. Nimeombwa nizungumzie jiko la kuni linalopasha maji ya nyumbani, namna ya kulichagua na namna ya kulitunza. Wenzetu wa Kenya huliita kuni busta. Sisi hapa kila fundi ana jina lake, kwa hiyo leo nitasema tu jiko la maji.

Tukienda karakana kununua jiko tunatazama mlango, tunatazama rangi, tunagonga bati kwa kidole, kisha tunauliza bei. Mimi nikija kwako nitaomba ngazi kwanza, nipande darini.

Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, na hilo tu ndilo linaloendesha mtambo mzima. Hakuna pampu wala umeme. Nyuma ya moto kuna kasha la chuma lililojaa maji. Maji yakipata joto hupanda kwa bomba la juu hadi kwenye tangi, na ya baridi yaliyo chini ya tangi hushuka kwa bomba la pili kushika nafasi yake. Yanazunguka hivyo polepole mpaka tangi lote lipate moto. Ili yazunguke, kitako cha tangi lazima kiwe juu ya kasha, na bomba la kupanda lipande kweli tangu linapotoka hadi linapofika. Fundi akilishusha sentimita mbili tu kukwepa boriti, kisha akalipandisha tena, hewa itajikusanya kwenye nundu hiyo na maji yatasimama. Utasikia jiko linagonga kama vile mtu yumo ndani na nyundo. Watu wamebadilisha majiko mazima kwa sababu ya nundu moja.

Kwa hiyo nikiwa darini naangalia mambo mawili. Kwanza, tangi litakaa wapi ili liwe karibu na jiko na karibu na bafu pia, maana kila mita ya bomba inakula joto lako. Nyumba zetu nyingi zina jiko la nje, ng'ambo ya ua. Hapo nakwambia kabisa, mama, tangi likae juu ya jiko hukohuko nje na bafu lisogezwe huko lilipo tangi, au uache kwanza. Bomba la kuvuka ua usiku wa mwezi wa saba, na baridi yetu hii, litakufikishia maji ya uvuguvugu. Pili, natazama kenchi. Tangi la lita 150 likijaa lina kilo 150 za maji, bado uzito wa chuma. Kenchi za mbao zilizopigwa kubeba bati hazikupigwa kubeba hilo. Tangi likae juu ya ukuta wa tofali, au lijengewe nguzo zake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hata kama mtasinzia mengine yote, hili naomba mlisikie.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 150 zikitoka ubaridi wa asubuhi hadi nyuzi 80, zinaongezeka lita nne na zaidi, na lazima ziende mahali. Moto ukizidi, maji yanachemka, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Kwetu hapa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji hayangoji nyuzi 100. Yanachemka kwenye 93 hivi. Mvuke unatuwahi kuliko unavyomwahi mtu wa Tanga. Kwa hiyo juu ya tangi la moto lazima kuwe na bomba la kupumulia, linalopanda wazi hadi juu ya tangi la baridi, lile linalolisha la moto, lisipungue nusu mita juu ya maji yake. Katika bomba hilo, na katika bomba linalotoka kwenye kasha kwenda kwenye tangi, usiweke koki. Usiweke valvu ya aina yoyote, hata mwenye nyumba akikulazimisha.

Nasema hivi kwa sababu mimi niliweka. Nilikuwa kijana, fundi aliyenifundisha kazi amesafiri, nimeachiwa nyumba ya watu nimalizie. Nikaona ni akili kufunga koki kwenye bomba la kupanda, ili siku ya kutengeneza jiko nisilazimike kumwaga maji ya tangi zima. Nikaifunga, nikaizungushia uzi vizuri, nikaondoka. Miezi michache baadaye mtu alipanda kusafisha dari akaiona koki, akadhani imeachwa wazi kwa bahati mbaya, akaifunga. Asubuhi yake binti wa nyumba akawasha moto kama kawaida. Kasha lilivimba, mshono ukaachia, maji yakamwagikia miguu yake. Alipona, lakini makovu anayo. Nilikwenda kumwona, na nikawaambia wazazi wake wazi kwamba koki ile ni yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kukabidhi kazi bila kumpandisha mwenye nyumba darini nimwonyeshe kwa mkono bomba la kupumulia.

Na ninyi mafundi vijana mlioko nyuma hapo: tangi la baridi linalolisha jiko liwe dogo, la chuma, lenye boya lake. Msilielekeze bomba la kupumulia kwenye tangi kubwa la plastiki. Siku moto ukizidi, maji yanayochemka yatamwagika humo, plastiki italegea, na chini ya tangi hilo watu wamelala. Mabomba yaliyo karibu na jiko yawe ya chuma au ya shaba. Plastiki ianzie mbali, upande wa bafuni, na iwe ile iliyotengenezwa kwa maji ya moto.

Baada ya hapo ndipo tuulize jiko lenyewe. Kasha la maji liwe la bamba la milimita tano au zaidi. Pipa la mafuta lina bati jembamba mno kwa kazi hiyo, tena hujui lilibeba nini. Kulichomelea pipa lililobeba petroli kumeua mafundi. Kasha likishachomelewa, lijaze maji, liache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, lirudi karakana.

Ukubwa wa tangi nao tupige hesabu, maana wengi mnauziwa tangi la lita 300 la kulisha hosteli. Mtu anayeoga kwa ndoo ya lita 20 anataka maji ya nyuzi 40 hivi. Maji ya tangini yakiwa 60 na ya bombani 15, ndoo hiyo inachukua lita 11 tu za moto, zilizobaki ni za baridi. Watu sita ni lita 67. Lita 100 zinatosha familia ya ndoo. Wakiwa wa kuoga kwa bomba la mvua, weka 150. Lakini nyuzi 60 hizo msizishushe sana, kwani kuna vijidudu vya mapafu vinavyozaliana kwenye tangi la maji ya vuguvugu. Na nyuzi 60 hizohizo zinamuunguza mtoto kwa sekunde chache. Ndoo ya mtoto ianze na maji ya baridi, ya moto yafuate. Maji hayo ni ya kuoga na kufua. Ya kunywa chemsha pembeni kwenye sufuria.

Kuni. Hapa wana Njombe tuna bahati ambayo hatuitumii. Tangu kampuni ya miwati ilipoanza hapa mwaka 1949, muwati umekuwa mti wetu, na sijaona kuni bora kuliko yake, nzito, yenye kaa linalodumu. Mpaina nao unawaka, lakini una utomvu, na utomvu tutaukuta kwenye dohani.

Kilo moja ya kuni kavu ina joto sawa na uniti nne za umeme. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunataka uniti tano na kidogo. Jiko zuri linaloingiza nusu ya joto kwenye maji litamaliza kazi hiyo kwa kilo tatu za kuni, hazifiki. Mafiga matatu kwenye upepo, ambako sehemu moja tu kati ya kumi huingia kwenye sufuria, yatakula kilo 13. Ndiyo faida ya jiko. Sasa chukua mti uliokatwa juzi: nusu ya uzito wake ni maji. Ukitia jikoni kilo kumi za kuni mbichi, unachemsha kwanza lita tano zilizomo ndani ya kuni kabla hujachemsha za kuoga. Jiko la bei kubwa ukililisha kuni mbichi linakuwa sawa na mafiga.

Na majira yetu yanatutega. Mvua inakatika mwezi wa tano, baridi inaingia wa sita. Yaani tunapohitaji moto zaidi ndipo kuni zina maji zaidi. Kwa hiyo kuni za baridi ya mwaka huu zilipaswa kupasuliwa mwaka jana. Mtakapotoka hapa, pasueni za mwakani. Zipasuliwe, maana gogo zima halikauki. Zipangwe juu ya mawe zisiguse ardhi, zipate jua na upepo mpaka mwezi wa kumi, kisha ziezekwe kabla mvua ya Novemba haijaanza, juu bati, pembeni wazi. Usizifunike kwa turubai hadi chini, zitaota ukungu. Kuni kavu ina nyufa kwenye vichwa, na ukigonganisha mbili zinalia. Mbichi hazilii.

Dohani nitaipitia kwa haraka, ila mahali pasipotaka haraka nitawaambia. Upana wa milimita 150, usiipunguze njiani. Ipite mgongo wa paa kwa nusu mita na zaidi, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Inapopita kwenye dari la mbao iachwe nafasi, mbao isiiguse. Chini iwe na kifuniko cha kufungua na kusafishia. Wengi wananiambia, fundi, nikibana hewa usiku moto unadumu mpaka asubuhi. Unadumu, lakini unafuka, haufuki bure. Kasha la maji ni la ubaridi kuliko moto, moshi wa moto dhaifu ukiligusa unagandisha lami nyeusi juu yake na ndani ya dohani. Lami hiyo ndiyo inayoshika moto siku moja, dohani ikanguruma kama upepo wa dhoruba. Ikitokea, funga hewa ya jiko, toa watu nje, ita msaada. Usimwage maji ndani ya dohani, itapasuka. Afadhali uwashe moto mkali wa saa moja jioni, upashe tangi, uuache ufe. Joto litunzwe na tangi. Lizungushie kasha la mbao, ujaze maranda makavu unene wa kiganja na zaidi, mbali na dohani. Maranda tunayachoma ovyo kila kiwanda cha mbao, nayo ni blanketi bora.

Na jambo la mkaa. Jiko likizima msiingize jiko la mkaa chumbani kulalia. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu usingizini. Kila msimu wa baridi tunazika.

Utunzaji si wa fundi, ni wa yule anayewasha. Katika nyumba nyingi ni mama, au binti, au dada wa kazi, na ndiye asiyeitwa fundi anapoeleza. Mwiteni. Kila wiki akwangue masizi yaliyoshika kasha, kwani yanazuia joto kama nguo. Majivu asiyaache yafike kwenye chanja, chuma kitapinda. Ayatoe kwa ndoo ya bati, kamwe si ya plastiki, ayaweke nje mbali na ukuta, kwa sababu kaa linaweza kuishi humo siku nzima na zaidi. Majivu yapelekeni kwenye mahindi. Kwenye viazi hapana, yanaviletea ukoko. Dohani isuguliwe kwa brashi ya waya kila mwezi wa baridi. Mara mbili kwa mwaka fungueni koki ya chini ya tangi mtoe matope ya kutu.

Nasikia swali. Ndiyo, mama. Anauliza: maji ya bomba yakikatika na moto unawaka, afanye nini? Swali hilo ni la maana kuliko nusu ya niliyosema. Mama, usiongeze kuni hata moja. Funga mlango wa hewa, na kama kuna makaa unayoweza kuyatoa salama, yatoe. Kisha uache. Maji yakirudi wakati kasha bado lina moto, yasiingizwe. Maji ya baridi yakigusa chuma kilichokauka na kuwaka, yanageuka mvuke papo hapo na chuma kinapasuka. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kasha na kukiacha hapo, ndipo ufungulie maji. Na kila siku kabla ya kiberiti, fungua bomba la moto la bafuni. Likitoa maji, washa. Lisipotoa, usiwashe.

Nje kuna jiko nimelifunga tangu asubuhi, na tangi lake liko juu ya nguzo. Naomba huyu mama aliyeuliza ndiye aliwashe, sisi wengine tumtazame. Kiberiti hiki hapa. Lakini kwanza, mama, bomba.